Sega la Moto na Karatasi za Chuo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuficha moto ndani ya gogo baridi, kisha akampa mja wake mikono ya kuutoa na akili ya kuuchunga usimzidi nguvu. Namshukuru kwa nyumba yenye joto, kwa mume anayecheka, na kwa jirani mwenye macho makali. Sala na amani zimfikie Mtume wake, aliyetufundisha kwamba anayekaa upande wa pili wa ukuta ana haki juu yetu, hata kama hatujui anapika nini.

Nyumba tunayokaa sasa, mimi na mume wangu, ipo Walthamstow huku Uingereza, hatua chache kutoka soko refu la barabarani. Tulihamia hapa tukiwa wazee tayari, baada ya miaka mingi ya kuishi ghorofani kule Woolwich. Waliotutangulia katika nyumba hii walituachia vitu viwili: pazia la bafuni na jiko la kuni. Pazia nililitupa siku ile ile. Jiko lilikuwa zito, halitupiki.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba. Nimekua na mafiga matatu na kuni za mikarafuu, nimepuliza moto mpaka macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyefiwa. Nilipopanda ndege kuja Uingereza niliamini nimeagana na kuni milele. Kumbe zilikuwa zinanisubiri huku, zimefungwa kwenye mfuko wa wavu na kuuzwa kama viazi.

Lakini jiko hili halikuwa la mafiga. Lilikuwa sanduku la chuma cheusi lenye mlango wa kioo, limekaa sebuleni mahali ambapo zamani palikuwa pa moto wa makaa, na dohani yake inapanda ndani ya ukuta mpaka juu ya paa. Kitabu chake cha maelezo tulikikuta kwenye droo ya jikoni. Mume wangu, aliyefanya kazi ya ukarani maisha yake yote na anayependa karatasi yoyote yenye vichwa vya habari na namba, akavaa miwani, akakaa, akanisomea na kunifasiria.

"Kuna kitu ndani kinaitwa katalisti," alisema. "Umesikia, Mwalimu? Jina lenyewe tu linaanza na kukataa."

Ananiita Mwalimu kwa sababu nimesomesha chuo miaka mingi. Nikisema chuo, wenzangu wa visiwani wanaelewa. Kwa wengine nieleze kwamba si chuo kikuu, ni darasa la watoto la kusoma msahafu. Chuo changu kilikuwa sebuleni, Jumamosi na Jumapili, viatu vimejaa mlangoni.

"Kinakataa nini?" nilimuuliza.

"Ngoja nifunue." Akafunua. "Kinakataa kuni mbichi. Kinakataa mbao zenye rangi. Kinakataa magogo yaliyookotwa pwani, kwa sababu ya chumvi. Kinakataa plastiki. Kinakataa takataka na karatasi za takataka."

"Basi kinakubali nini?"

"Kinakubali kuni kavu na subira. Mimi nimeona niseme mapema, nisije nikalaumiwa."

Tulipolifungua kwa juu tukakiona chenyewe. Ni kama tofali dogo lenye matundu mengi mno, matundu madogo yamepangika sawasawa, kila moja na ukuta wake. Mume wangu akaendelea kusema katalisti. Mimi nikaliita sega, maana ndivyo lilivyo, sega la asali lisilo na asali. Kazi yake ni hii. Moshi wa kuni una moto ndani yake ambao haujamaliza kuungua. Ukiuacha upande dohani hivi hivi, unakwenda kumkera mtu. Ukiupitisha kwenye sega likiwa limepata joto la kutosha, moshi wenyewe unawaka, unageuka joto, na kinachotoka juu ni hewa tu na mvuke kidogo. Nilipofahamu hivyo nikayakumbuka mafiga ya kwetu. Miaka yote ile nililia machozi kwa moshi, kumbe ulikuwa ni moto mwingine.

Nilijifunza kuliendesha kwa majira mazima ya baridi. Pembeni pana mkono wa chuma unaofungua na kufunga kilango cha ndani. Wakati wa kukoka moto kilango kinakuwa wazi, moshi upite moja kwa moja juu. Juu ya jiko pana kipimajoto chenye mshale. Mshale ukiingia kwenye sehemu iliyochorwa ya kazi, unafunga kilango, na moshi hauna njia tena ila kupita kwenye sega. Ukingoja kidogo, ukachungulia, unaliona sega linageuka jekundu taratibu kama shavu la bibi harusi. Hapo unapunguza hewa. Mwali mle ndani unakaribia kutoweka, mgeni anaweza kudhani moto umekufa, kumbe ndiyo joto linaanza. Na ukitaka kuongeza kuni, kwanza fungua kilango, hesabu taratibu, ndipo ufungue mlango wa kioo; ukisahau, moshi unakujia usoni na unakumbuka Pemba yote kwa mara moja.

Nilikuwa na kipimo cha unyevu wa kuni chenye sindano mbili, nikikichoma kwenye kila gogo nililolipasua kama daktari anayechanja watoto. Nilisafisha kioo kwa gazeti lililoloweshwa na kuchovywa kwenye jivu laini. Kila mwezi nilibana ukanda wa karatasi kwenye mlango na kuuvuta, kuona kama kamba ya mlango, ile inayoziba ukingo wake, bado inashika. Mume wangu alisema sikuwahi kumwangalia yeye kwa uangalifu kiasi hicho. Nilimwambia yeye hana kamba mlangoni.

Sasa nimlete jirani. Upande wa kushoto anakaa mama mmoja wa Kiingereza, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka michache. Kifua chake ni dhaifu. Anatembea na kile kichupa cha kuvutia dawa mfukoni mwa fulana, na ngazi moja tu inamsimamisha. Siku ya pili tu baada ya kukoka moto wetu wa kwanza alikuwa ukutani, ukuta mfupi unaotenganisha viwanja vyetu vya nyuma.

"Nimesikia harufu ya kuni," alisema. "Sikuja kugombana, mpenzi. Nimekuja kukwambia tu kwamba mapafu yangu ni mabovu, na waliokuwepo kabla yenu walinisumbua."

Huku wauza matango sokoni wanamwita kila mtu mpenzi, basi neno halikunishtua. Kilichonishtua ni jinsi alivyopumua baada ya kulisema. Nilimwambia, mbele ya mume wangu: "Jirani, nakupa ahadi. Siku utakayoona moshi wetu unakuja kwako, gonga mlango. Nitaacha kuwasha jiko, na sitaliwasha tena mpaka wewe mwenyewe useme niliwashe."

Akaniangalia. "Mpaka mimi niseme?"

"Mpaka wewe useme."

Akataka kujua mtu wa nyumba ya pili kwa lugha yetu anaitwaje. Nikamwambia, akalishika neno, na tangu siku hiyo akawa ananiita Jirani, kwa ile r yao iliyolegea.

Ahadi hiyo ilikuja kuwa nzito kwangu, na sababu yake ni magoti ya mume wangu. Kwa miaka miwili kabla ya kuhamia hapa alikuwa akisali juu ya kiti. Hakulalamika, dini yetu ina nafasi kwa mgonjwa, lakini nilikuwa namwona baada ya kutoa salamu anavyoiangalia ile sehemu ya msala ambapo paji la uso lilipaswa kufika. Tulipoanza kukaa na joto la jiko, joto kavu linaloingia mpaka kwenye mfupa, magoti yakaanza kulegea. Sisemi jiko ni dawa. Daktari ndiye daktari. Nasema tu kwamba alasiri moja nilimsikia anashuka, polepole, mkono mmoja kwenye kochi, na nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu na yeye alikuwa amesujudu. Alikaa pale chini muda mrefu mno, mpaka nikaanza kuogopa. Alipomaliza nikamuuliza kama ni magoti yaliyokwama.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa na mengi ya kusema kwa huku chini."

Kile kiti akakitia chini ya ngazi pamoja na mwavuli uliovunjika.

Majira ya baridi ya pili ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa kumcha Mungu.

Mwaka ule nilikifunga chuo. Macho yamechoka, na watoto wa sasa, Mungu awalinde, unawauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, nikaona wanahitaji mwalimu kijana. Nikaanza kupanga vitu. Nikakuta mifuko minne mikubwa ya karatasi. Karatasi za alifu na bee zenye picha za rangi, aya zilizoandikwa kwa mikono midogo na kusahihishwa kwa kalamu yangu nyekundu, sura fupi zilizochapwa, na kalenda za miaka na miaka kutoka misikitini na kwenye maduka ya nyama, zile za kung'aa, zenye picha ya Makka juu na jina la Mungu kila pembe.

Kwetu karatasi yenye jina la Mungu haiingii kwenye pipa pamoja na maganda ya ndizi. Inazikwa mahali pasipokanyagwa, au inachomwa mahali safi, kwa heshima. Tulipokuwa ghorofani hatukuwa na pa kuzika wala pa kuchomea, ndiyo maana zikajaa mifuko. Na sasa nina moto wangu mwenyewe, safi, sebuleni. Niliona kama nimefunguliwa mlango wa thawabu.

Nikaanza siku ya Jumatatu baada ya adhuhuri. Nikatia udhu, nikapiga bismillahi, nikaweka karatasi fungu kwa fungu juu ya kuni. Zilikuwa zinapendeza. Zinajikunja, zinanyanyuka kama ndege weusi, zinapotelea juu. Nilifanya hivyo Jumanne, nikafanya Jumatano. Nikamaliza mifuko miwili.

Alhamisi asubuhi moto ulikuwa mzito. Mshale ulipanda nusu ukasimama. Nilipofunga kilango, moto ukakabwa kama mtu aliyezibwa pua. Nilipochungulia, sega lilikuwa jeusi, halikubali kuwaka. Nikafungua kilango moto upate hewa. Nikadhani ni kuni. Nikapima gogo, kavu. Nikaongeza jingine. Bado nimepiga magoti pale nikasikia mlango unagongwa.

Alikuwa jirani. Alikuwa amevaa koti juu ya nguo za nyumbani, na kwanza akavuta dawa yake mara mbili.

"Jirani," alisema, "leo nimeuona."

Nikatoka nje na viatu vya ndani. Juu ya paa letu moshi ulikuwa unatoka wa kijivu, mzito, na kwa kuwa hewa ilikuwa imetulia, haukupanda. Uliteremka upande wa kushoto kama maji yanayotafuta bonde. Shuka zake zilikuwa kwenye kamba.

"Nimeingiza nusu ya nguo," alisema. "Halafu nikajiingiza mwenyewe."

Nikamwomba radhi. Sikutafuta maneno mengine. Nikarudi ndani na sikuongeza kuni hata moja. Nikaacha zilizomo ziishe kwa mwali mkubwa, maana moto unaonyongwa hutoa moshi zaidi. Zilipokwisha nikaufunga mlango, na mume wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akaenda chini ya ngazi. Nikasikia mwavuli unaanguka. Akarudi na kile kiti.

"Kilikuwa kinanikumbuka," alisema, akakifuta vumbi kwa mkono wa kanzu.

Angalau angenuna, ningekuwa na mtu wa kugombana naye.

Siku zile mbili tatu zilikuwa baridi kweli. Tulikaa na blanketi mapajani kama abiria wa meli. Mimi nilikuwa natafuta kosa langu silioni. Kuni kavu, kilango nakifungua, kamba ya mlango inashika. Nikampigia simu fundi wa dohani, yule anayekuja kila mwaka kusugua, mwanamume mwembamba, mpole, mwenye brashi ndefu kama mkia wa farasi. Akaja Jumamosi asubuhi. Akatandika shuka kuukuu, akalitoa sega taratibu kwa mikono miwili, akalishika kwenye mwanga wa dirisha.

Matundu hayakuwepo. Uso wote ulikuwa umezibwa na jivu jepesi, tabaka juu ya tabaka, kama keki.

"Mama," aliniuliza, "umekuwa ukichoma nini humu?"

"Kuni tu," nilisema, na Mungu anajua nilikuwa nasema nikiamini; zile karatasi nilizihesabu ibada, si kuni.

Akachukua brashi laini ya rangi, akagusa pembe moja. Kipande cha jivu kikabanduka kizima, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akakipokea kwenye kiganja. Kilikuwa cheupe, na juu yake, kwa rangi ya fedha, herufi mim ilikuwa inasomeka, na nusu ya dal. Nikaitambua kalenda.

"Hii si kuni," alisema fundi.

Mume wangu akasogea, akatazama kiganja, akanitazama mimi. "Mwalimu," alisema kwa Kiswahili, "umekichoma chuo ndani ya jiko?"

"Nimezichoma karatasi zenye aya. Ulitaka nizitie pipani?"

"Kitabu kilisema hakitaki karatasi. Nilikusomea mwenyewe."

"Kilisema takataka na karatasi za takataka. Ulisoma hivyo hivyo. Karatasi zenye jina la Mungu si takataka."

Akakitazama tena kile kipande cha jivu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ule ukingo wa dirisha. "Ni kweli," alisema. "Wewe umeifasiri vizuri. Tatizo ni kwamba katalisti haikusoma chuo."

Fundi akauliza tunacheka nini. Ilibidi nimweleze yote, takataka na zisizo takataka. Alisikiliza kwa adabu, kiganja bado kimenyanyuliwa, hajui aiweke wapi ile herufi. Nikamletea kisahani cha chai, akaiweka pale. Kisha akanieleza kwamba jiko haliulizi karatasi imeandikwa nini. Karatasi nyingi zinatoa jivu linaloruka na kuziba. Zile za kung'aa na za rangi zina madawa yanayoganda kwenye sega na kulifisha ganzi. Yangekuwa mengi zaidi, lingekufa kabisa. Akasugua kwa brashi laini, kamwe si kwa waya, akavuta vumbi kwa mashine yake. Kwa lile ganzi akanionyesha ukurasa ambao mume wangu hakuufikia: lichemshwe taratibu kwenye siki na maji safi yale yasiyo na chokaa, kisha lisuuzwe kwa maji hayo hayo, kisha likauke vizuri kabla ya kurudi mahali pake.

Sufuria pekee lililolitosha lilikuwa sufuria langu la pilau ya Idi. Nikalitia sega humo, nikamimina siki, nikalipandisha kwenye jiko la gesi jikoni, moto mdogo. Nyumba nzima ikanuka achari. Mume wangu akaja kutoka chumbani, akafunua kifuniko, akatazama tofali linavyoogelea.

"Limekaribia kuiva?"

"Funika."

"Nauliza kwa sababu sioni nyama."

Nikamfukuza kwa mwiko. Lakini alipotoka nilimwona anapita kando ya kile kiti na kukigusa tu, kama mtu anavyogusa mizigo kabla ya safari, kuona kama ipo tayari kubebwa au kuachwa. Nikajua na yeye alikuwa anangoja, ila kwa njia yake.

Sega lilipokauka, siku iliyofuata, fundi akapita njiani akalirudisha. Jiko lilikuwa tayari. Lakini mimi nilikuwa nimefungwa na neno langu, na kulirudisha sega si kulirudisha neno. Nikavaa mtandio, nikaenda kwa jirani, nikakaa jikoni kwake, nikamweleza kosa kama lilivyo. Ningeweza kusema kifaa kiliharibika. Ingekuwa kweli nusu, na nusu ya kweli ni nzito kuibeba kwa umri wangu.

"Kwa hiyo ulikuwa unachoma jina la Mungu wako," alisema polepole.

"Kwa heshima."

"Na mimi nikalivuta kwenye mapafu."

"Nisamehe sana, jirani."

Akazungusha kikombe chake. "Kwenye basi navuta mabaya kuliko hayo." Kisha akawa makini. "Lakini sitasema neno lile mpaka nione. Sikwambii kwa ubaya. Usiku ule sikuweza kulala chali kwa kifua."

Nilimwambia ana haki hiyo, na zaidi ya hiyo. Tukakubaliana: kesho baada ya adhuhuri atakaa uani kwake, atatazama dohani yetu kwa macho yake, na mimi nitawasha. Akiona moshi unakuja kwake, hatutazungumza tena habari ya jiko.

Kesho yake nilipanga kuni kama sijawahi kupanga. Magogo mazito chini, membamba juu yake, vijiti juu kabisa, na nikawasha kwa juu ili moto uteremke wenyewe, maana hivyo moshi wa mwanzo unapita kwenye mwali na kuungua. Hakuna karatasi hata ya kuwashia. Nilitumia manyoya ya mbao, yale maranda membamba yaliyosokotwa. Mume wangu akakaa kwenye kiti chake akishika tasbihi, ila nilimsikia anaruka hesabu. Mshale ukapanda. Ukafika pale ulipokwama Alhamisi, ukasita. Nikasoma nilichokuwa nacho kifuani. Ukapita. Nikafunga kilango, nikachungulia, na tundu moja la sega likawa jekundu, kisha kumi, kisha uso mzima. Nikapunguza hewa.

Sikutoka nje. Niliogopa kutoka nje. Ikapita nusu saa, na zaidi. Joto likaanza kutufikia kwenye miguu. Ndipo tukasikia sauti kutoka uani, sauti ya mtu aliyechoka kungoja.

"Jirani, utawasha lini? Nimeganda huku, na chai imepoa."

Mume wangu akaacha tasbihi. Nikafungua mlango wa nyuma. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, koti, skafu, blanketi, kikombe mkononi, uso ameuelekeza juu ya paa letu kama mtu anayetafuta mwezi wa Idi.

"Nimewasha tangu ulipokaa," nilimwambia.

Akanitazama kuona kama namtania. Akatazama juu tena. Nami nikatazama. Mdomo wa dohani ulikuwa safi. Ila hewa juu yake ilikuwa inatetemeka kidogo, kama inavyotetemeka juu ya lami wakati wa jua, na njiwa mmoja alikuwa amejisogeza karibu kuota. Jirani akavuta pumzi ndefu kwa pua, bila dawa, akaishika, akaiachia.

"Basi washa," alisema. "Au sijui nisemeje, ikiwa umeshawasha."

"Hilo hilo latosha," nilisema.

Nikamkaribisha ndani apate joto na chai nyingine, ya tangawizi. Akapita sebuleni, akatazama lile jiko lililokuwa karibu halina mwali, akashangaa joto linatoka wapi. Mume wangu akamweleza habari za katalisti kwa Kiingereza chake cha ofisini, kuanzia ukurasa wa kwanza. Jirani akaiona mifuko miwili iliyobaki pembeni ya mlango, akauliza ni nini.

"Ndizo zilizobaki," nilisema. "Inabidi zizikwe, na ua wetu wote ni saruji."

"Mimi nina udongo," alisema. "Kule nyuma kwenye mawaridi. Hakuna anayepakanyaga, hata paka anaogopa miiba."

Siku ya Jumanne baridi ilipolegea tulikwenda na sepetu. Mume wangu akachimba kidogo, mimi nikachimba zaidi, na jirani akasimamia kwa kidole, hapa, si hapo, hapo pana mzizi. Tulizitoa kwenye plastiki, tukazifunga kwa kitambaa cheupe, tukaziweka chini, na juu kabisa nikaweka kile kipande cha jivu chenye mim na nusu ya dal, nilichokuwa nimekihifadhi kwenye kisahani. Jirani akauliza nini kimeandikwa kwenye karatasi. Nikamwambia: watoto wanajifunza kumshukuru Mungu, na makosa yao kwa kalamu nyekundu.

"Basi mawaridi yangu yatakuwa yamesoma kuliko mimi," alisema, akashindilia udongo kwa kiatu, kisha akakumbuka, akaomba radhi, akapapasa kwa mkono.

Tuliporudi ilikuwa alasiri. Nilitia udhu jikoni, na nilipoingia sebuleni kiti hakikuwepo. Mume wangu alikuwa ameshaanza, yupo chini, paji lake limegusa msala, na mwanga mwekundu wa sega unamchezea mgongoni. Nikatandika wangu nyuma yake, nikajiunga.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akupe joto bila moshi. Akupe magoti yanayokunjika unapotaka kumshukuru, na mtu wa kucheka nawe unapokosea. Akujaalie jirani atakayekwambia ukweli mlangoni, nawe moyo wa kuusikia. Na neno lolote jema lililopata kuandikwa na mkono wako, alihifadhi mahali pasipokanyagwa. Amin.